MREJESHO: Taya linalolia "ko!" na kichwa cha asubuhi

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa tatu niliuliza kwa nini taya la kulia linalia "ko!" nikipiga miayo, na naamka mapanja yanauma kama nimepigwa. Wengi mlisema sikio. Sikio halikuwa na kitu.

Daktari wa meno aliniwekea vidole mbele ya masikio: fungua, funga. Kisha nikang'ata karatasi nyembamba ya rangi, alama nzito ikabaki kwenye gego moja tu, lile nililozibwa mwaka jana. Kizibo kilikuwa juu kidogo, kwa hiyo kila nikifunga mdomo gego hilo linatangulia kugonga, na misuli ya shavu inahangaika kutafuta pa kutulia. Akakisugua, dakika chache tu. Halafu ncha za meno ya mbele zimelika. Kumbe nasaga meno usiku (mke wangu alishasema, nikabisha). Nimetengenezewa kifuniko cha plastiki ngumu cha kulalia.

Mchana najikumbusha: midomo imefungwa, meno yameachana.

Wiki ya sita sasa. Mapanja yametulia. Mlio bado upo, ila hauumi, na daktari kasema tuuache. Mahindi ya kuchoma ndiyo bado sijaruhusiwa.