Mjadala: Majimbo au serikali moja, nani aamue ushuru wa tumbaku?

Mtoa mada, Urambo
Wakuu, huku kwetu Tanzania ukitaja majimbo tu, yaani mikoa yenye serikali na mamlaka yake kikatiba, unaambiwa unataka kuigawa nchi. Naomba kwanza tuangalie fedha.

Mwaka 2017 Bunge lilishusha ushuru wa mazao ya biashara, ambao hutozwa na halmashauri, kutoka asilimia 5 hadi 3. Kwa halmashauri zinazotegemea tumbaku, kama Urambo, Kaliua na Sikonge, hayo ni madarasa na zahanati. Inawezekana mkulima alistahili nafuu ile, sibishi. Ninachouliza: baraza la madiwani lilikuwa na kura? Halikuwa nayo. Ndiyo nchi ya serikali moja hiyo. Madaraka ya chini yamekasimiwa, na aliyekasimu huyachukua akitaka. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe za wilaya zilifutwa, zikarudi miaka ya 1980.

Mwaka huohuo wa 2017 India ilianza kutoza kodi moja ya bidhaa na huduma nchi nzima. Kwa kuwa iligusa mamlaka ya majimbo, ilibidi Katiba ibadilishwe na angalau nusu ya mabunge ya majimbo yaridhie. Kwenye baraza linaloisimamia, Serikali Kuu ina theluthi moja ya kura, majimbo theluthi mbili.

Hata sisi jambo hili si geni. Kuna mambo ya Muungano ambayo hayaguswi bila theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Zanzibar ina kufuli. Tabora, mkoa wetu, haina.

Mchangiaji, Kigoma Ujiji
Kaka, hoja yako ni tamu kwa mwenye tumbaku. Sisi miaka na miaka umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, ghali kupindukia, lakini uniti tulinunua kwa bei ileile ya Dar es Salaam. Tofauti ililipwa na nchi nzima. Jimbo la Kigoma lingeitoa wapi dizeli hiyo?

Halafu tazama Nigeria: ilipata uhuru 1960 ikiwa na majimbo matatu, leo yako 36, na katikati walipigana vita ya Biafra. Ethiopia walichora majimbo kwa makabila, vita ya Tigray tumeiona. Mkoa huu unapokea wakimbizi tangu wazazi wetu wakiwa vijana. Usituambie kwa wepesi habari za kuchora mipaka.

Mtoa mada, Urambo
Hoja ya umeme ni nzito, naikubali: mikoa maskini inahitaji mfuko wa pamoja. Ila mfuko wa pamoja si lazima uwe wa hisani. Kenya si shirikisho, lakini Katiba yao ya 2010 inazipa kaunti 47 si chini ya asilimia 15 ya mapato ya Serikali Kuu. Waziri wa fedha hawezi kuishusha kwenye bajeti ya Juni. Ibara za 145 na 146 za Katiba yetu zinazitambua serikali za mitaa bila kutaja asilimia yoyote. Mimi ningeanzia hapo, hata kabla ya majimbo.

Mchangiaji, Kaliua
Na hiyo asilimia itagawanywaje? Ikifuata idadi ya watu, Dar inabeba. Ikifuata zao linakotoka, Kigoma wanaachwa. Ikifuata umaskini, nani atatupima? Mtoa mada, jibu hili kwanza.