LTO-4 inaniambia "Cannot allocate memory". Nimeongeza RAM, bado

binti_wa_kabati:

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga. Nimekabidhiwa tepu 11 za LTO-4 (kaseti za kuhifadhia data za kompyuta) za redio moja ya huku kwetu. Zimelala kabatini tangu fundi wao aondoke, na inasemekana ndani kuna vipindi vya zamani pamoja na taarabu zilizorekodiwa ukumbini. Draivu ni ya mtumba, ya kiunganishi cha SAS, nimeifunga kwenye seva ya Linux. Tepu inaimeza vizuri, taa ya kijani, `mt status` (amri ya kuuliza hali ya draivu) inasoma density 0x46, yaani LTO-4, na block size 0. Nikiandika amri ya tar (programu ya kufungasha faili pamoja) ili nione orodha ya faili:

`tar -tvf /dev/nst0`

napata: `Cannot read: Cannot allocate memory`

Seva ilikuwa na RAM ya GB 4. Nikasema haya, memori ndogo. Nikanunua GB 8, shilingi 70,000 za mfukoni mwangu, maana wenye tepu watanilipa nikiwapelekea sauti, si kabla. Nimewasha, jibu ni lile lile. Kinachonichanganya zaidi: kila nikirudia amri bila kurudisha tepu mwanzo, namba ya bloku (kipande cha data) kwenye `mt status` inaongezeka moja. Sasa inasoma au haisomi?

jembe_la_swap:

Ongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) GB 16, itakubali.

mzee_wa_DDS:

Binti, usiongeze swap, na RAM yako haina kosa. Nimezeekea chumba cha seva Mombasa, nilianza na tepu za DDS, zile ndogo za milimita 4, na ujumbe huu umeshanikesha.

Tepu si kama diski. Kwenye diski sekta zote zina ukubwa mmoja. Kwenye tepu, ukiwa na block size 0, aliyeandika ndiye aliyeamua kila bloku iwe kubwa kiasi gani. Amri ya kusoma inayokwenda kwenye draivu ina baiti sita tu, na tatu kati ya hizo zinasema "nataka kiasi hiki". Tar usipoiambia kitu inaomba baiti 10240. Kama fundi wenu aliandika bloku kubwa kuliko hapo, umepeleka kikombe kupokea maji ya ndoo. Draivu inajaza kikombe, yaliyobaki yanamwagika, na tepu imeshaivuka bloku nzima. Haikuwekei kiporo. Ndiyo maana namba inaongezeka moja.

Kisha draivu inajibu kwa hali inayoitwa check condition, yaani "kuna neno, njoo uchukue ripoti". Ndani ya ripoti kuna biti inayoitwa ILI, kwamba urefu haukulingana, pamoja na hesabu: ulichoomba toa nilichokikuta. Keneli (kiini cha Linux) ikiona hesabu imekuwa hasi, inamrudishia tar kosa namba ENOMEM, na maneno ya kosa hilo ndiyo hayo yaliyokula 70,000 yako. Memori inayosemwa ni bafa ya tar, kile kikombe.

Piga `dmesg | tail` (inaonyesha ujumbe wa mwisho wa keneli) uniletee mstari wenye neno "Failed to read".

binti_wa_kabati:

Shikamoo mzee. Huu hapa:

`[st0] Failed to read 262144 byte block with 10240 byte transfer.`

Yaani jibu lilikuwa pale siku zote, mimi nahesabu pesa Kariakoo.

mzee_wa_DDS:

Marahaba. Chaguo la `-b` la tar huhesabu kwa mafungu ya baiti 512, na 262144 gawa kwa 512 ni 512 kamili, basi:

`mt -f /dev/nst0 rewind`
`tar -b 512 -tvf /dev/nst0`

Usisahau rewind (kurudisha tepu mwanzo), la sivyo utaanzia katikati ya faili na tar italalamika kwa lugha nyingine.

binti_wa_kabati:

IMEFUNGUKA. Majina ya faili yamemiminika mpaka nikasimama. Nikaandika skripti ya kuruka kutoka faili moja kwenda nyingine kwa `mt fsf 1`. Tepu ya kwanza imetoa faili 14, halafu `Input/output error`. Ya pili na ya tatu vivyo hivyo mwishoni. Ya saba nayo imetoa `Input/output error`, ila katikati ya faili ya 3, baada ya draivu kwenda mbele na kurudi nyuma kama dakika mbili. Zote zimeharibika?

mzee_wa_DDS:

Input/output error ni gunia, kila kitu kinatupwa humo. Fungua gunia kwa dmesg. Tepu ya 1 hadi 3 naamini utakuta `Blank Check` na `End-of-data detected`. Hapo data imekwisha, mbele hakuna kilichoandikwa. Salama kabisa. Draivu ya tepu ni kama mpangaji anayekugongea mlango hata kukwambia ameshalipa kodi: hata ikikuta alama ya mwisho wa faili inatoa check condition ile ile, na ukifungua ripoti, aina ya kosa ni sifuri, yaani hakuna kosa.

Ya saba ni jambo jingine. Ukikuta `Medium Error` na `Unrecovered read error`, jua draivu ilishapambana yenyewe. LTO ina misimbo ya kusahihisha data, na ikishindwa hurudi nyuma kusoma tena mara nyingi kabla ya kukupa taarifa. Ule mwendo wa dakika mbili ndio huo. Kwa hiyo usiirudie mara hamsini, unaichubua tepu bure.

Endesha `tapeinfo -f /dev/sg1` (namba ya sg tazama ya kwako). Draivu ina bendera 64 za TapeAlert, yaani alama za tahadhari. Namba 20 ikisimama, inaomba kusafishwa. Namba 4, tatizo ni tepu yenyewe. Zinakili mara ya kwanza, kwa kawaida ukishazisoma zinafutika.

binti_wa_kabati:

Namba 20! Nimeazima tepu ya kusafishia kwa jamaa mmoja wa benki, nimeipitisha mara moja. Ya saba imesoma faili ya 3 mpaka mwisho bila kurudi nyuma hata kidogo. Sasa nasikiliza bendi ya ukumbini, mtu anakohoa karibu na maiki kila baada ya ubeti.

jembe_la_swap:

Dada, hiyo GB 8 bado unayo? Ni DDR3?

binti_wa_kabati:

DDR3 ECC. Elfu 70, sipunguzi.