Nina kimondo, nataka kukisajili kwa jina la marehemu babu. Naanzia wapi?

Mjukuu wa Mlinzi: Wakuu, heshima kwenu. Nina jiwe jeusi, ukubwa wa tikiti dogo, lakini mizani ya duka la mahindi imesoma kilo 9. Sumaku ya spika inaling'ang'ania. Nasikia vimondo huwa na majina rasmi. Nataka hiki kiitwe jina la marehemu babu aliyenilea. Usajili ni wapi na shilingi ngapi? Naomba majibu kabla ya Ijumaa, usingizi sina.

Siti ya Dirishani: Nimewahi siti. Picha tafadhali.

Jiolojia Bila Ajira: Jina la babu sahau, mkuu. Aliyeokota hana mamlaka ya kuliita. Kuna kamati ya majina ya Meteoritical Society, chama cha wanasayansi wa vimondo, na kimondo hupewa jina la mahali kilipopatikana: kijiji, mto, kilima. Kile kilichoanguka jangwani Sudan mwaka 2008 kinaitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, maana alama iliyokuwepo jirani ni kituo cha reli. Cha kwetu Mbozi kwenye orodha yao ni "Mbosi", kwa s, na hadi leo haijabadilishwa. Jina halinunuliwi, ila lazima maabara ilichunguze jiwe na kipande kibaki kwenye taasisi inayotambulika: gramu 20, au asilimia 20 ya jiwe kama ni dogo. Umeliokota wapi?

Mama Pacha: Mbozi nilikwenda na shule darasa la sita. Tulikariri tani 12. Niliteleza kwenye lile shimo walilokichimbia pembeni, kiatu kikabaki huko, nikarudi Mbeya na soksi moja. Mama alinichapa kama vile mimi ndiye niliyekiangusha kimondo.

Jiolojia Bila Ajira: Pole dada. Orodha yao inasema tani 16. Mtoa mada, wapi?

Mjukuu wa Mlinzi: Nyanda za juu kusini. Nadhani inatosha.

Jiolojia Bila Ajira: Haitoshi. Wanataka latitudo na longitudo.

Mjukuu wa Mlinzi: Kuna dalali anasema niandike limetoka Sahara, litapewa namba tu, mambo yaishe. Hiyo inakubalika?

Jiolojia Bila Ajira: Huyo kasikia nusu. Mawe mengi yanayonunuliwa Morocco hakuna ajuaye yaliokotwa wapi hasa, ndiyo maana yanaitwa Northwest Africa na namba. Wewe unapajua, unataka kupafuta. Ivuna, bonde la Rukwa, kilianguka kimondo Desemba 1938, hata kilo moja hakifiki. Leo kundi zima la vimondo adimu duniani linaitwa CI, na hiyo I ni Ivuna. Udongo ambao Wajapani waliuleta kutoka kwenye asteroidi (mwamba unaozunguka jua) iitwayo Ryugu mwaka 2020 wanaulinganisha na kundi hilo. Kijiji kimepata jina hadi maabara za Tokyo, wewe unakificha chako!

Mzee Kibatari: Kijana, anayeficha mahali ameficha na mwenyewe. Shamba la nani?

Mjukuu wa Mlinzi: Sawa. Ni shamba la baba mkwe, upande wa Ufipa. Nilikwenda kusaidia kuvuna maharage, nikaondoka nalo ndani ya gunia. Lakini wakuu, msinihukumu. Walikuwa wanaegemezea mlango wa banda la mbuzi! Miaka yote hakuna aliyelijali. Jina la kijiji likitoka, shemeji zangu wataunganisha. Na dalali ameshanipa kishika uchumba laki sita, nimenunua bati.

Mama Pacha: Umeiba ukweni??

Mzee Kibatari: Mahari ulimaliza lakini?

Mjukuu wa Mlinzi: Bado ng'ombe wawili. Hayahusiani.

Siti ya Dirishani: Yanahusiana sana. Na mbuzi sasa hivi wanalala mlango wazi.

Fundi Gereji: Chai hii, haina hata tangawizi. Kwanza mtu analala ukweni, anatoka na kilo 9 kwenye gunia la maharage, anayelipakia kwenye basi hashtuki? Pili, picha hatujaiona. Tatu, Ijumaa ya nini?

Mjukuu wa Mlinzi: Ijumaa dalali anakuja kulichukua. Picha hiyo hapo. Mnaona vile vishimo? Ni moto wa angani huo, ulichemka hadi ndani.

Jiolojia Bila Ajira: Ngoja. Vishimo mpaka ndani? Kimondo huungua juu tu, kinabaki na gamba jembamba jeusi, ndani hakichemki. Tena Ufipa... Wazee wa kule walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye matanuri marefu ya udongo kupita kimo cha mtu. Shamba la mkweo lina vichuguu vya udongo mwekundu ulioungua?

Mjukuu wa Mlinzi: Vipo viwili. Tunapanda maboga juu yake.

Fundi Gereji: Mavi ya chuma hayo, makapi ya tanuri la kuyeyushia! Nafuta kauli, si chai. Chai ingetungwa vizuri zaidi.

Jiolojia Bila Ajira: Piga tupa kwenye kona, utuambie.

Mjukuu wa Mlinzi: Nimepiga. Ndani ni kijivu, vitundu vitupu kama andazi, na kuna kipande cha mkaa kimenasa. Dalali anapiga simu tangu saa mbili. Bati zote zimeshapigwa misumari.