Milioni tatu za sinema ya nyumbani: TV kubwa, projekta au muziki?

MzeeWaNjiro: Wakuu, habari za leo. Nimehamia kwangu Njiro, sebule mita 4 kwa 5, chini marumaru, juu jipsamu. Nimetenga milioni 3 za filamu na mpira. Nichukue TV ya inchi 75 basi, au ya inchi 55 na saundiba (ile spika ndefu ya kuweka chini ya TV) yenye sabufa ya besi, au projekta na skrini ya inchi 100? Mke wangu anasema milioni moja inatosha, iliyobaki tumalizie geti.

ChaliiSakina: Projekta mkuu. Ligi ya mabingwa usiku, mtaa mzima uko kwako.

FundiSpika: Chalii, projekta ipi? Hizi ndogo boksi limeandikwa 4K kwa herufi kubwa, yaani picha kali sana, ukisoma ubavuni unakuta picha yake halisi ni nukta 1280 kwa 720 tu. Hiyo 4K inaipokea tu, kisha inaishusha. Mwanga nao uangalie lumeni za ANSI, ndicho kipimo cha mwanga cha kuaminika. Namba kubwa isiyotaja kipimo hicho ni ya kuuzia boksi. Na mechi ya saa tisa alasiri, mapazia mepesi, huoni mpira uko wapi.

Mzee, mimi ningebaki na inchi 55, ila TV isile zaidi ya nusu ya bajeti. TV za sasa ni nyembamba, spika zake zinatazama chini au nyuma. Ndiyo maana watu wakiongea kwenye filamu unaongeza sauti, bomu likilipuka unaitafuta rimoti mbio mtoto asiamke. Inchi 75 haitibu hilo.

MamaPasua: Kaka, shemeji yetu ana hoja yake, msimpuuze. Huku Moshi umeme kukatika ndio tumezoea. Balaa ni unavyorudi, unaweza kuja na nguvu ya kuunguza vifaa. Nunua stabilaiza inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kuingia, ndipo ufikirie mengine. Halafu simama katikati ya sebule upige kofi moja. Likirudi linalia, hiyo marumaru itakuharibia sauti hata ya saundiba ya bei mbaya. Zulia nene na mapazia mazito, mimi nilivipata mtumbani pale Memorial kwa hela ya kawaida tu.

Mtumba_Original: Kuna njia ya nne: resiva ya mtumba, ile mashine inayosukuma spika, na spika zake tano na sabufa. Kwa hela ileile ya saundiba unapata muziki wa maana. Ila geuza nyuma usome kibandiko. Ikiandikwa 120V pekee ni ya Marekani, ukiichomeka kwenye 230 zetu umeshaiua.

ChaliiSakina: Na waya za spika tano zipite wapi, kwenye marumaru? Shemeji atamfukuza.

MzeeWaNjiro: 😂 Resiva hapana. Kofi nimepiga, linarudi kweli. Kochi liko mita 2 na nusu kutoka ukuta wa TV.

FundiSpika: Kwa umbali huo 55 inatosha, 65 ukiikuta kwa bei nzuri chukua. Hakikisha TV ina tundu la HDMI lililoandikwa ARC au eARC, waya mmoja unapeleka sauti ya TV kwenye saundiba, kazi imeisha. Gawa hivi: TV milioni 1.4, saundiba laki 8, stabilaiza, zulia na mapazia laki 4. Laki 4 zinazobaki mpe mama za geti. Sabufa usiisukumie kwenye kona, besi itavimba na jipsamu lianze kutetema.