Kikundi cha familia: Harusi ya Amu (Lamu)

Salim: Assalam alaykum jamaa. Natoka Lodwar Ijumaa asubuhi. Nimeangalia kwa intaneti, kutoka huku mpaka uwanja wa ndege wa Manda ni lisaa limoja na dakika chache. Ijumaa ntaswali Amu inshallah.

Halati Mwanaisha: Waalaykum salaam. Nikaha ni baada ya Alasiri, basi utaiwahi.

Rukia: Ati lisaa?? Sisi na basi letu la Mokowe tutashinda njiani, wa Turkana atufike mbele 😂

Ami Nahodha: Ndege gani hiyo, Salim?

Salim: Tiketi bado Ami. Ni tovuti ya kupima masafa, yasema kilomita 840.

Ami Nahodha: Masafa ni kweli. Lodwar i digrii 3 na ushei kaskazini ya ikweta, Manda 2 na robo kusini. Jumla 5.4. Mashariki kwa magharibi 5.3. Kila digrii maili 60 za bahari, na hapa kwenye ikweta digrii za pande zote mbili karibu ni sawa. 324 na 318. Kila moja mara yenyewe, jumlisha, toa kipeuo, yaja maili 454. Mara 1.852 ziwe kilomita.

Rukia: Ami ashaanza 😭

Ami Nahodha: Piga hesabu uone kama si 840. Lakini lisaa hilo ni la jeti ya kilomita 800 kwa saa. Kwa Caravan, ndege ndogo ya panga moja, ni masaa mawili na nusu. Na tovuti yapima mstari tu, haiulizi kama kuna ndege inayopita hapo.

Salim: Kwani hakuna?

Athumani Nairobi: Hakuna wangu. Lazima upite huku kwetu. Lodwar–Nairobi kilomita 500 na kitu, Nairobi–Manda 450 na kitu. Angani si kazi, kazi ni katikati. Ukishushwa uwanja wa Wilson na ndege ya Lamu itoke uwanja wa Jomo Kenyatta, kwa foleni za huku utaiona yapita juu yako umo ndani ya teksi.

Halati Mwanaisha: Yarabi. Na vikapu vyangu vya Turkana?

Athumani Nairobi: Ndege ndogo nyingi mzigo ni kilo 15, Halati.

Ami Nahodha: Na Manda si Amu. Akishuka bado kuna boti ya kuvuka. Aje Alhamisi, alale Nairobi.

Salim: Ngoja nimuulize bosi.

Halati Mwanaisha: Muulize kwa adabu.

Salim: Amekubali 🙏🏾 Alhamisi. Athumani, nafasi ipo?

Athumani Nairobi: Ipo, ya sebuleni. Nguo za harusi zivae njiani, kilo zote viachie vikapu vya Halati.

Halati Mwanaisha: Allah akuzidishie. Viwe vitatu.