Clouds FM ilianza vipi hasa? Wa enzi za kanda njooni hapa

Kijana wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni wa 2001, nimekua nikiikuta Clouds hewani, nilidhani ipo tangu uhuru. Juzi kazini tumebishana sana. Mmoja anasema ndiyo redio binafsi ya kwanza Tanzania, mwingine anasema lilikuwa disko tu la watoto wa mjini. Nani mkweli? Na kabla yake nyie vijana wa zamani mlisikilizia wapi muziki wenu? Wenye kumbukumbu tiririkeni.

Mpita Njia
Ya kwanza ni Radio One ya marehemu Mengi, 1994. Uzi ufungwe.

Fundi Kanda
Usifungwe kwanza, Mpita Njia. Mwaka umepatia, ila kijana kauliza mengi kuliko mwaka.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda Kariakoo. Deki mbili, spika moja mlangoni, mteja analeta kanda tupu na karatasi yenye orodha ya nyimbo, jioni anapitia mzigo wake. Kwa hiyo kila kilichopigwa redioni nilikijua kwa wateja kabla sijakisikia mwenyewe.

Mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 inapita, hewa ya Bara ilikuwa ya RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, redio ya serikali. Hiyo ndiyo redio, na hiyo hiyo ndiyo studio: bendi kama Mlimani Park, Vijana Jazz, OTTU, wote wamerekodi pale Barabara ya Pugu. Muziki wa dansi ulipata haki yake yote, sina ubishi. Lakini mtoto wa Temeke anayechana mashairi juu ya biti ya Kimarekani angeipeleka wapi kanda yake? Radio One ndiyo iliyomfungulia mlango, kwenye kipindi cha DJ Show, enzi za watangazaji Taji Liundi na Mike Mhagama. Sifa hiyo msiwanyang'anye mkawapa Clouds, kama ninavyoona watu wanafanya siku hizi.

Sasa Clouds. Huyo wa disko hakudanganya. Joseph Kusaga alikuwa DJ, na jina la Clouds lilikuwa la disko kabla halijawa la redio. Halafu palikuwa na Mawingu Studio, ya kurekodia muziki, prodyuza Bonny Luv yuko kwenye mashine. Redio yenyewe ikaja 1999, Ruge Mutahaba akiwa ndani kama mwenzake Kusaga.

Na watu wa disko ukiwapa redio hawaiendeshi kama watu wa redio. RTD wimbo ulipigwa kwa sababu mtu kauomba kwenye kadi ya salamu, basi, zamu ya mwingine. DJ anapiga huku anaangalia miguu ya watu. Wimbo ukiwaka, anaurudia. Clouds walirudia wimbo mpaka mama ntilie anauimba huku anakata kachumbari. Na mtangazaji aliongea kama sisi tulivyokuwa tunaongea kijiweni. Wazee walikasirika, Kiswahili gani hiki, lakini vijana wao hawakugusa kitufe.

Kwangu ilikuwa neema na balaa kwa pamoja. Mteja anakuja, "Fundi, nirekodie ule wa jana usiku Clouds." Albamu haijatoka, kwa hiyo unategea redio, kidole kwenye kitufe chekundu. Umeupata safi, ubeti wa pili unaanza, mara inashuka ile sauti nzito ya kutaja jina la stesheni! Walijua wanachofanya wale. Kanda zile makondakta wa mabasi ya Mbeya na Songea walikuwa wanazibeba kama zilivyo, na jina la Clouds limo humo humo kwenye wimbo. Watu wa kule walilijua jina kabla mawimbi yenyewe hayajawafikia.

Dada wa Kirumba
Shikamoo Fundi. Umeeleza vizuri ila nyie wa Dar mkianza kusimulia, nchi inaishia Chalinze. Huku Kanda ya Ziwa tulikuwa na Radio Free Africa yetu, ya Diallo, iko hapa hapa Mwanza, na ilikuwa kwenye mawimbi ya kati, siyo FM peke yake. Mvuvi yuko ziwani na kiredio chake cha betri anasikiliza muziki na taarifa ya habari. Clouds sisi tulikuja kuifahamu baadaye sana, na mimi kilichonikamata wala siyo muziki, ni kile kipindi chao cha Jahazi. Watangazaji wake, Kibonde na Gadner, wakianza kutaniana, sufuria inaungua.

Fundi Kanda
Marahaba mwanangu. Kwa RFA nakubali, madereva wa malori wote waliokuja kibandani kwangu kutoka huko waliitaja hiyo.

Kibonde, acha tu. Ruge kafariki Februari 2019, Kibonde ndiye aliyeshika kipaza sauti kwenye mazishi kule Bukoba tarehe 4 Machi, na tarehe 7 naye akafia hapo kwenu Mwanza. Gadner akafuata 2024.

Mpita Njia
Mzee, sema na upande wa pili. Msanii akikosana na stesheni ile alikuwa anakwenda wapi?

Fundi Kanda
Pabaya. Ukishaacha stesheni moja iamue nani ni staa, ndiyo hivyo. Sugu, yule msanii wa rap, na Ruge walirushiana maneno hadharani, nchi nzima ikasikia, baadaye wakapatana. Sugu alikuwa na jina tayari, aliweza kubishana. Chipukizi alikuwa anarudi kwao na kanda yake mfukoni.

Kijana wa Mbagala
Asante sana mzee wangu, kesho naenda kazini kifua mbele. Swali la mwisho: na THT nayo ilikuwa ya Clouds?

Fundi Kanda
THT, yaani Tanzania House of Talent, ile nyumba ya kulea vipaji, ni kazi ya Ruge. Waimbaji Barnaba, Linah, Mwasiti, wote wamepita pale. Hiyo ifungulie uzi wake, hapa bando langu linaisha.