Tupeane uzoefu: nani alishawahi kumfungulia jinai wakili wa upande wa pili?

Wakuu habari zenu. Siongelei wakili wako mwenyewe aliyekula hela yako, naongelea wakili wa yule mnayeshtakiana anapokuchezea rafu wewe. Mama yangu mdogo alishtakiwa Baraza la Ardhi na Nyumba kwa kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, wakili wa mdai akampigia simu kwa upole kabisa, mama usijisumbue tarehe hiyo shauri linaahirishwa tutakaa tuyamalize nje, mama akaamini, kumbe siku hiyo jamaa kasimama akaomba lisikilizwe upande mmoja. Tumekuja kujua dalali wa mahakama alipofika getini. Kwenye faili kuna kiapo cha mpeleka wito kinasema mama alikataa kupokea wito mbele ya mjumbe wa mtaa, na mjumbe huyo anasema hajawahi kumuona huyo mtu! Polisi kaunta wanatuambia hayo ni madai, yaani si jinai, rudini mlikotoka. Inauma sana jamani, yule mama ni mjane.

Mluguru wa Kilosa: Pole sana mkuu, hilo neno "ni madai" hata sisi tuliambiwa. Kwetu ilikuwa hati ya makubaliano, ukurasa wa kwanza umebadilishwa, sahihi ya baba ipo ukurasa wa mwisho. Kilichotusaidia tuliacha kusema wakili katudhulumu, tukasema kuna nyaraka ya kughushi imetumika, hii hapa nakala yenye muhuri wa mahakama na hii hapa nakala tuliyobaki nayo sisi. Wakatupa RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi), jalada likafunguliwa, sahihi zikapelekwa kwa mtaalamu wa maandishi. Taratibu mno lakini linatembea.

Dada wa Masijala: Nimefanya kazi karibu na mafaili miaka mingi, naomba mnisikilize. Ile simu peke yake ni ngumu kuisimamisha kama jinai, labda awe amemtumia meseji. Kiapo cha uongo ndio kosa lenyewe, kipo kwenye Kanuni ya Adhabu, ila mtapaswa kuonyesha wakili alijua ni cha uongo, la sivyo atabaki mpeleka wito peke yake na wakili atasema yeye kaletewa tu. Halafu muhimu kuliko yote, jinai haifuti ule uamuzi! Kuomba uamuzi wa upande mmoja utenguliwe ni ndani ya siku 30, zikipita mnaomba kwanza kuongezewa muda mkieleza sababu. Watu wanakimbizana na polisi huku nyumba inauzwa. Zuieni utekelezaji kwanza.

Mtu wa Voi: Huku Kenya yangu ilikuwa ya shamba. Pesa ya ununuzi niliweka kwa wakili wa muuzaji azishike hadi title (hati ya shamba) itoke, title haikutoka na pesa hazionekani, nikimpigia ananiambia eti mimi si client wake. Sheria ya Mawakili kifungu cha 80 inasema wakili aliyekabidhiwa pesa au mali kwa kazi yake akashindwa kuilipa, kuitumia kama ilivyoagizwa au kuitolea hesabu ni kosa la jinai. Niliandikisha OB (taarifa kwenye kitabu cha polisi), nikapeleka DCI, wale wapelelezi wa jinai, na barua nyingine Advocates Complaints Commission, tume inayopokea malalamiko dhidi ya mawakili. Amerudisha sehemu, iliyobaki bado tunavutana.

Mluguru wa Kilosa: Na bongo kuna Kamati ya Mawakili, inaweza kumsimamisha au kumfuta kabisa kwenye orodha. Huhitaji kuwa mteja wake ndio ulalamike. Hiyo inaenda sambamba na polisi, msisubiri moja iishe.

Dada wa Masijala: Ila wengine wanaopita hapa, kushindwa kesi sio utapeli. Wakili akikubana maswali hadi ukalia hiyo ni kazi yake. Taarifa ya uongo polisi nayo ni kosa, utageuziwa wewe.

Mleta mada: Asanteni mno. Mjumbe amekubali kuandika maelezo yake, na maombi ya kuongezewa muda yanapelekwa wiki hii pamoja na zuio. Mwenye uzoefu wa jalada lililofika hadi kwa waendesha mashtaka aendelee kutiririka hapa, nataka kujua waliulizwa ushahidi gani.